Megabaiti Kumi na Tisa za Feni

Kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, wenzake walikimbilia getini, naye Chapuchapu akakata kona upande wa pili, kuelekea darasa la shangazi yake. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu alipokuwa darasa la tatu. Aliingia, akawasha na kuzima taa mara mbili ili shangazi yake ajue kuna mtu, akatua mkoba wake, akafuta ubao bila kuambiwa. Shangazi alizaliwa kiziwi. Alikuwa mwalimu wa watoto wasiosikia, na katika chumba chake hapakuwa na haja ya kubisha hodi.

Hata jina la Chapuchapu lilitoka humo. Wanafunzi wa Shangazi humpa kila mtu jina la alama, na hawajui kuficha: mwenye kovu huitwa kwa kovu lake, mwenye maringo kwa maringo yake. Yeye walimpa vidole viwili vinavyokimbia juu ya kiganja. Wanaosikia wakaitafsiri alama ile kuwa Chapuchapu, na jina likamganda. Kwa kweli lilimfaa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alimaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini, na kwa mambo ya kompyuta hakuwa na mpinzani pale shuleni, walimu wakiwemo. Tena alijijua.

Jumatatu ile Shangazi alikuwa na jambo. Mazungumzo yao yote yalikuwa ya mikono, lakini hapa tuyaandike kama maneno mengine, maana kwao yalikuwa maneno kama mengine.

"Ule ukurasa wangu wa video unafungwa," Shangazi alisema. "Wenyewe wametangaza. Ijumaa saa kumi na mbili jioni wanazima kila kitu."

"Na masomo yako yote thelathini?"

"Maktaba ya elimu imekubali kuyahifadhi kwenye tovuti yake, mtoto yeyote kiziwi ayapate popote alipo. Lakini haipokei faili inayozidi megabaiti ishirini na tano."

Chapuchapu akatabasamu. Somo moja la dakika kumi lilikuwa na megabaiti karibu mia tatu. Kulishusha hadi ishirini na tano ilikuwa kazi ya kulibana, na kubana video alikujua vizuri sana. "Niachie mimi," akasema. "Kufikia Jumatano nimemaliza."

"Nisikilize kwanza. Nimetumia miaka mitatu kurekodi masomo hayo, na sina nakala nyingine. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa nazo." Shangazi alichukua daftari kubwa, akachora safu nne kwa rula. "Hapa andika namba ya somo. Hapa ukubwa wa zamani, hapa ukubwa mpya. Safu hii ya mwisho ni 'imekaguliwa'. Usitie alama ya vyema humo mpaka uwe umelitazama somo jipya mwanzo hadi mwisho. Wala usifute la zamani kabla ya hapo."

"Sawa, Shangazi."

"Sawa ya kweli, au sawa ya kuniondoa hapa?"

"Sawa ya kweli."

Akaanza siku ile ile. Alipakua masomo kutoka kwenye ukurasa, akayaingiza matano matano katika programu ya kubana, akaiacha ifanye kazi. Wiki mbili kabla, programu hiyo hiyo ilimpatia sifa. Alibana video za kwaya ya shule, na wazazi wakashangaa jinsi sauti zilivyotoka safi. Mipangilio ya siku ile ilikuwa bado imo, naye hakuigusa. Ya nini kugusa kitu kilichosifiwa?

Ukaguzi ndio uliomkera. Masomo thelathini ya dakika kumi kumi ni saa tano za kukaa kitako ukimtazama shangazi yako akifundisha majina ya matunda. Chapuchapu akatafuta njia ya mkato. Alifungua faili mpya katika kidirisha kidogo pembeni, akaendelea na mambo mengine, huku ametega sikio. Akisikia feni ya darasa inakwaruza na viti vinaburuzwa, alijua faili ni nzima. Basi akatia vyema. Kompyuta ilipoanza kulalamika kwamba imejaa, akafuta faili za zamani, akamwaga na pipa la taka ili nafasi ipatikane. Kazi ikaenda mbio, na Jumatano jioni masomo yote thelathini yalikuwa yameshapokewa na maktaba.

Shangazi alilipitia daftari mstari kwa mstari. Vyema thelathini, zote za wino mwekundu. Akamshika mpwa wake kichwa kwa mikono miwili, akambusu katikati ya utosi. Siku hiyo Chapuchapu alirudi nyumbani anatembea kama mwenye mtaa, na kesho yake asubuhi hakuna aliyekaa naye dawati moja ambaye hakuzisikia habari hizo.

Alhamisi mchana Shangazi alikuwa kwenye kikao cha walimu. Chapuchapu alimkuta darasani mwanafunzi mmoja tu, msichana wa miaka kumi aitwaye Macho, kwa sababu hakuna kinachompita. Macho alikuwa amelazwa hospitali wiki nzima, sasa alitaka kufidia somo la kumi na nne, ambalo lilihusu mambo hayo hayo ya hospitali.

"Umefika kwa mwenyewe," Chapuchapu alimwambia, akamfungulia somo kutoka tovuti ya maktaba, kioo kizima.

Macho akatazama. Akakunja uso. Akasogea karibu hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akakifuta kwa kiwiko cha sweta, akatazama tena. Kisha akageuka.

"Vidole vya mwalimu vimekwenda wapi?"

"Vipo. Tazama vizuri."

"Nimetazama. Anafundisha kuhusu dawa. Anasema umeze vidonge vingapi? Kimoja au vitatu?"

Chapuchapu akainama kumwonyesha, kwa ule uvumilivu wa mkubwa kwa mdogo. Hapo ndipo alipoitazama ile video kwa mara ya kwanza. Shangazi alikuwa pale, kwa maana kwamba rangi ya gauni lake ilikuwepo. Uso ulikuwa doa. Mikono ilikuwa madonge mawili ya unga uliokandwa, yanapanda na kushuka. Huenda kilikuwa kidonge kimoja. Huenda vilikuwa vitatu, au vitano. Kitu pekee kilichotoka safi, safi kabisa, ni feni.

Akafungua somo la kwanza, la saba, la ishirini na mbili. Madonge matupu. Akakimbilia kutafuta faili za zamani, akakumbuka pipa alilolimwaga kwa mkono wake mwenyewe. Miaka mitatu ya kazi ya shangazi yake, naye alikuwa ameigeuza ukungu kwa siku tatu.

Wazo baya halikuchelewa kumjia. Nani angejua? Shangazi ameshaliona daftari, hana sababu ya kuyafungua tena masomo leo wala kesho. Wazazi wa mbali wakiona ukungu wataulaumu mtandao wao. Siku Shangazi atakapogundua, ukurasa wa zamani utakuwa umefungwa, na itawezekana kusema kwamba maktaba ndiyo iliyoyaharibu. Ulikuwa uongo uliojipanga wenyewe bila kutumwa, na ulimtisha kwa jinsi ulivyokuwa rahisi.

Macho alikuwa bado anamtazama, anasubiri jibu lake kuhusu vidonge.

Mlango ukafunguliwa, Shangazi akaingia na makaratasi ya kikao kwapani. Alikuwa na furaha. "Nimewaambia walimu wote," akasema. "Mwalimu mkuu anataka wazazi waanze kutazama wiki ijayo." Kisha akauona uso wa mpwa wake, akaweka makaratasi chini.

Mikono ya Chapuchapu ilikuwa mizito kuliko siku zote. "Nimeyaharibu masomo yako," akasema. "Yote. Vidole havionekani. Na sikuyakagua. Nilitia vyema bila kutazama, nikafuta yale mazuri."

Shangazi alikwenda kwenye kompyuta, akatazama dakika moja nzima. Mtu anayesema kwa mikono akiiacha inaning'inia tu, hicho ndicho kimya chake, na Chapuchapu aliona afadhali angegombezwa.

"Umejua lini?" Shangazi akauliza hatimaye.

"Sasa hivi. Macho ndiye aliyeona."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa kumi kamili."

"Ukurasa wa zamani unafungwa kesho saa kumi na mbili. Basi tuna saa ishirini na sita. Ungenyamaza mpaka Jumatatu, tusingekuwa na hata moja." Akavuta kiti. "Kulia utalia baadaye kama bado unataka. Sasa nieleze, imekuwaje?"

Chapuchapu alifungua mipangilio ya programu, na alipoisoma akatamani kuingia chini ya meza. Nambari zilikuwa wazi kama hesabu za darasa la nne. Katika kila faili ya megabaiti ishirini na tano, sauti peke yake ilikuwa imechukua kumi na tisa. Picha ilibakiziwa sita.

"Sauti?" Shangazi alishangaa kwelikweli. "Video zangu zina sauti?"

"Kamera hurekodi sauti yenyewe, Shangazi."

"Miaka mitatu yote hii? Na zinasema nini?"

"Feni. Na viti. Somo la tano kuna mbwa."

Shangazi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo mimi nafundisha, na feni inanidakia maneno. Tena umeipa nafasi kubwa kuliko mimi." Macho naye alicheka, ingawa alikuwa bado hajaambiwa idadi ya vidonge.

Kazi ikaanza upya. Ilibidi Chapuchapu aende kwa katibu wa shule kuazima diski kubwa ya kuhifadhia, na katibu, ambaye hakuwa mtu wa kutoa kitu bila maelezo, akataka kujua sababu. Akamweleza yote, hakupunguza neno. Masikio yalimwaka moto, lakini diski aliipata. Wakaiacha kompyuta ikipakua peke yake, na Ijumaa kila kipindi kilipokwisha Chapuchapu alivuka uwanja kwenda kuitazama. Saa kumi na moja na nusu masomo ishirini na tisa yalikuwa salama kwenye diski. La tisa, lililohusu siku za wiki, lilikuwa limekwama mara mbili. Walilianza mara ya tatu. Saa kumi na mbili juu ya alama ukurasa ukazimika, nalo lilikuwa limefika nusu.

Wiki iliyofuata hakukuwa na mbio. Chapuchapu aliondoa sauti yote, akakata sehemu za mwanzo na za mwisho ambapo Shangazi anatembea kwenda na kutoka kwenye kamera, akapunguza ukuta uliokuwa kushoto na kulia bila kazi. Megabaiti zote ishirini na tano zikaenda kwenye mikono na uso. Kila somo lililobanwa alilitazama lote, kisha akampa Macho, na Macho hakuwa na huruma. Alirudisha masomo matatu kwa sababu kidole gumba kilikuwa kinafifia kikisogea haraka. Chapuchapu alipojaribu kusema kwamba kidole gumba si tatizo kubwa, Macho alimwambia aseme hivyo tena bila kutumia kidole gumba. Akayabana upya. Faili za zamani zote zilibaki kwenye diski, hakuna iliyoguswa.

Maktaba ilifuta masomo ya ukungu na kuweka mapya. Likabaki pengo la namba tisa, na Jumatano Shangazi alivaa gauni lake zuri akalifundisha tena mbele ya kamera, majina yote ya siku kutoka Jumatatu hadi Jumapili, huku Chapuchapu akiishika kamera kwa mikono miwili. Walipomaliza walikaa kwenye madawati madogo ya watoto, magoti yakigusa mbao.

"Unajua nini kiliniuma?" Shangazi alimuuliza. "Si vidole. Vidole vimerudi. Ni zile vyema nyekundu thelathini. Niliziamini, nikasimama mbele ya walimu wenzangu nikawaambia yote yamekaguliwa."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe tangu Alhamisi, uliponiambia mwenyewe kabla sijakuuliza. Wepesi wako naupenda, usiutupe. Lakini ukimfanyia mtu kazi, ikague kwa kile anachotumia yeye. Wewe ulitumia masikio kukagua kitu cha watu wanaotumia macho." Akaendelea polepole, kila alama imenyooka. "Na ukiandika kwamba umekagua, uwe umekagua. Wengine wakidanganywa husikia sauti inavyotetemeka, wakashtuka. Mimi sina hiyo. Ninachokisoma ndicho ninachokiamini."

Chapuchapu aliitazama mikono ile mpaka ikatulia. Kisha akasema, "Nimeelewa," na shangazi yake akamwamini.