Kijito Kilichonyolewa

Dobi alikamua shuka, akaliinua kwenye mwanga. Lilikuwa na rangi ya chai.

"Mara ya tatu hii!" alifoka. "Nafua au napaka matope?"

Kila wiki alifua mashuka ya nyumba ya wageni. Maji aliyachota kijitoni, chini ya shamba lao la mlimani. Jana mwenye nyumba ile alimwonya: yakirudi machafu tena, basi.

Mumewe alikuwa ukingoni na fyekeo. Alikuwa amefyeka majani yote na kupanda kabichi mpaka kando ya maji.

"Baba Pacha, unafanya nini?"

"Nakusafishia kijito, mke wangu."

"Unasafisha! Na mashuka yangu je?"

"Labda sabuni yako haina nguvu."

Ndoo ilimponyoka Dobi nusura impige mumewe mguuni.

"Nyie, mnasikika mpaka bondeni!" Alikuwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, akipita njiani. Aliposikia kisa, aliokota ndoo na kuchota maji. Akayamwaga juu ya ukingo uliofyekwa. Yakaingia kijitoni mekundu. Akachota tena, akamwaga ng'ambo, kwenye nyasi za jirani. Yakapenya taratibu, yakatokea safi.

"Umeona? Nyasi huchuja maji, mizizi hushika udongo. Wewe umekinyoa kijito. Mvua ikinyesha, shamba lako linahamia majini. Acha hatua kumi na tano. Hapo usilime, usifyeke. Panda matete. Na matuta yapite kwa upana wa mlima, yasiteremke nao."

"Hatua kumi na tano! Na kabichi zangu?"

"Udongo wa kabichi zako uko kwenye mashuka yangu," alisema Dobi.

Mume akaanza kupima, kisigino kikigusa kidole.

"Hizo hatua za kuku!" Dobi alimsukuma kando, akapima mwenyewe kwa miguu yake mirefu.

Kiangazi kiliingia, maji yakatulia. Msimu uliofuata mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Matete yalikuwa yamefika kiunoni. Dobi alishuka na ndoo, roho juu. Chini ya maji aliona kila kokoto. Juu, kabichi zilikuwa chache, lakini zimenona, mbolea haikusombwa.

Mwenye nyumba ya wageni alipokea mashuka, akayanusa, akayageuza.

"Meupe, na mvua yote hii! Umebadili sabuni?"

"Sabuni ni ileile," alisema Dobi.

Jioni mumewe alisimama ukingoni, mkono kiunoni.

"Haya matete yamezidi kuwa marefu. Nikiyapunguza kidogo tu, kijito kipendeze…"

"Thubutu!"