Mkono Juu ya Karatasi ya Kijerumani

Alhamisi moja, duka la fremu za picha la Ruwi, Omani, likiwa limejaa wateja, mwanamume asiyejulikana pale aliingia amekumbatia bahasha nyeusi kama mtoto mchanga. Dishdasha yake, kanzu nyeupe ya Kiomani, ilikuwa imeganda mgongoni kwa jasho.

"Bibie, nnataka fremu. Lakini nawa mikono kwanza."

"Nimeshanawa, kaka."

"Nawa tena."

Stefania, fundi wa duka, binti wa Bukoba aliyefunga kilemba cha kitenge cha manjano, alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Alinawa. Ndani ya bahasha alikuta picha ya mkono mweupe ukielea gizani.

"Huyu kavunjika wapi? Mbona kama eksirei?"

"Haikupigwa kwa kamera," alisema yule mgeni, Hatem, karani wa wizara. "Mjerumani mmoja aliweka mkono wake juu ya karatasi ya picha, ile inayogeuka rangi kwa mwanga, akawasha taa. Karibu miaka mia sasa. Mimi hukusanya picha zao, wale waliochezea mwanga."

Alirudi wiki iliyofuata bila picha yoyote, kumwona Stefania tu. Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi la fremu zako."

"Nnayo pakiti ya karatasi zao, muhuri haujaguswa tangu itoke kiwandani. Ipo siku nitaweka mkono wako juu yake."

"Uvunje muhuri kwa ajili ya mkono wangu wenye gundi?"

"Nitauvunja. Ahadi."

Stefania naye alitaka kumpa kitu. Kabla ya kuifunga ile picha kwenye fremu, aliigeuza, akaona maandishi ya penseli yaliyokwaruzwa nyuma. Akachukua kifutio, akafuta taratibu mpaka karatasi ikatakata.

Hatem alipokuja kuichukua, aliitazama nyuma kwanza, kama wakusanyaji wote.

"Yako wapi maandishi?"

"Nimekusafishia, mpenzi. Ilikuwa chafu."

"Huo uchafu ndio jina lake na mwaka wake. Kwa mkono wake mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini wewe uliletwa Omani kufagia. Utajua nini kingine?"

Miaka yake ya utumishi wa nyumbani Stefania alikuwa amemsimulia Hatem peke yake. Stefania aliendelea kukata kadi ya fremu. Jioni ile Hatem akampigia simu mwenye duka, akalalamika.

Hasira ilimtoka Hatem baada ya siku tatu. Alipiga simu, Stefania hakupokea. Wiki ya nne akaenda dukani, akamkuta Bupe, mfanyakazi mwenzake Stefania.

"Unamtafuta nani?" Bupe alimuuliza bila kuinua macho. "Bosi amemfutia viza, kwa simu yako ile. Anapanda ndege leo saa tisa."

Hatem alipitia nyumbani kwake Hail, akachukua ile pakiti ya karatasi. Njiani alimsihi mwenye duka kwa simu. Akajibiwa kwamba hati za kufuta viza zimeshapita.

Alimkuta Stefania nje ya uwanja wa ndege, na sanduku moja na kilemba kile cha manjano.

"Nisamehe, Stefania."

"Nimekusamehe."

"Basi baki. Nikuoe."

"Ungesema hivyo kabla ya kunifagia." Hakusema kwa ukali. "Sasa kila ukinyamaza nitalisikia lile neno."

Hatem alivua kilemba chake, akakitandika juu ya boneti ya gari lake ili Stefania asiungue mkono, akatoa pakiti.

"Acha," Stefania alisema. "Ikifunguliwa juani zote zinakufa."

"Nnajua."

Akachana muhuri. Stefania aliweka kiganja juu ya karatasi. Walisimama hivyo, jua la saa saba likiigeuza karatasi zambarau pembezoni mwa vidole vyake. Alipoinua mkono, kivuli chake cheupe kilibaki.

"Sina dawa ya kuizuia isiendelee kugeuka," Hatem alisema, akiitia kwenye bahasha nyeusi. "Ukiitazama sana kwenye mwanga, itafutika."

"Nitakuwa naichungulia tu."

Aliburuta sanduku lake mpaka milango ikajifunga nyuma yake. Juu ya boneti, karatasi zilizobaki zilikuwa zinageuka zambarau moja baada ya nyingine, bila mkono wa mtu.