Springi za Kumbebea Mama

Kila siku baada ya shule, Sihaba aliteka maji ndoo mbili, akafagia uwanja, kisha akakaa barazani kumsomea baba yake chochote chenye maandishi: kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, karatasi ya dawa ya mikorosho, hata kadi ya kliniki ya mama. Baba yake, Mzee Mshamu, hakujua kusoma, lakini alipenda sana kusikia. "Huyu ndiye macho yangu," aliwaambia majirani. Sihaba alikuwa wa kwanza darasa la sita, na sifa zilikuwa zimempanda kichwani kidogo. Kusema kweli, si kidogo.

Nyumba yao ilikuwa shambani, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Kibiti. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho wakaja na mizani zao mpaka vijijini, na maduka ya Dar es Salaam yakajaa vitu vipya. Mwezi wa Machi Mzee Mshamu alichukua fedha zake zote za korosho, akaenda mjini, akarudi na baiskeli ya ajabu. Ilikuwa na springi mbele, na springi nyingine nene nyuma, chini ya tandiko. Fundi alikuwa ameichomelea keria ya kupakia mtu.

Watu walikuja kuitazama na kutania. "Mshamu kanunua kitanda cha magurudumu!"

Mzee Mshamu hakucheka. Mkewe, Mwanamina, alikuwa na mimba kubwa. Miaka miwili kabla ya hapo uchungu ulimshika nyumbani, akapakiwa kwenye baiskeli ya kawaida, akarushwarushwa kwenye mizizi na makorongo, na mtoto akafia njiani. Safari hii muuguzi alimtaka afike Kibiti mapema. Lakini masika yalikuwa yameanza, na gari halikuweza kufika kwao.

"Sikununua fahari," alisema Mzee Mshamu. "Nimenunua usalama wa Mama Sihaba. Jumamosi tunakwenda."

Fundi wa mjini alikuwa amemwonya kwamba springi ya nyuma lazima ipimwe kwa uzito wa watu watakaopanda. Ilikuwa na pete ya chuma. Ukiizungusha upande mmoja inabana, upande wa pili inalegea. Kiasi gani? Hayo yalikuwa katika kitabu cha maelezo kilichokuja na baiskeli.

"Haya, macho yangu, soma," alisema baba, akampa Sihaba kitabu mbele ya majirani.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Sihaba alikitazama, akaona giza. Angesema "sielewi," mambo yangekwisha. Lakini majirani walikuwa wamemkodolea macho, na mtu wa kwanza darasani atasemaje haelewi? Akatafuta mpaka akaona neno moja alilolijua, lenye maana ya laini.

"Imeandikwa ilegezwe mpaka mwisho," alisema. "Ndipo inakuwa laini kwa mama."

"Mpaka mwisho?"

"Ndiyo, baba."

Majirani wakamsifu, naye akatabasamu. Tabasamu hilo alilijutia baadaye.

Alhamisi alasiri Mzee Mshamu alifunga gunia la mpunga kwenye keria, kiasi cha uzito wa mama ulioandikwa katika kadi ya kliniki, akatoka kujaribu. Sihaba alimkimbilia nyuma. Kwenye korongo la kwanza springi ilididimia yote, chuma kikagonga chuma, gurudumu likakwama kwenye keria. Baiskeli ikapinduka. Gunia lilipasuka na mpunga ukamwagika topeni.

Mzee Mshamu aliinuka, kiwiko kinatoka damu. Akautazama mpunga. Sihaba naye aliutazama, akamwona mama yake amelala pale.

"Ni mimi," baba alisema taratibu. "Sijui kuiendesha. Wewe umesoma vizuri, mwanangu. Nitakwenda polepole."

Laiti angemgombeza! Usiku ule ugali wake aliuacha sahanini. Ijumaa asubuhi alikichukua kitabu kwa siri, akakisoma tena na tena, maneno ni yale yale. Alitamani kuikaza pete mwenyewe, lakini aikaze kiasi gani? Na akikosea tena? Aliogopa kusema, akaogopa kunyamaza. Hakujua la kufanya.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, mama alishika kiuno, akaegemea ukuta. "Baba Sihaba," alisema, "Jumamosi ni mbali. Ni leo."

Mzee Mshamu akaivuta baiskeli mbio, akatandika kanga kwenye keria. Mama akainua mguu apande.

"Mama, usipande!" Sihaba alipiga kelele, akaishika keria kwa mikono miwili. "Nilidanganya. Kitabu sikukielewa. Niliona haya nikabuni. Gunia lilianguka kwa sababu yangu!"

Mzee Mshamu aliinua mkono. Sihaba akafumba macho. Mkono haukushuka.

"Nani anaweza kukisoma?" baba aliuliza.

"Labda Mwalimu Idrisa."

"Kimbia!"

Nyumba ya mwalimu ilikuwa jirani na shule. Sihaba alirudi naye wote wakihema. Mwalimu alifungua kitabu, akasoma, akasimama kwenye neno fupi la herufi tatu.

"Neno hili," alisema, "hata mimi silijui."

Mzee Mshamu akaketi chini topeni. "Basi tumekwisha."

"Inuka, Mzee Mshamu. Hilo silijui, lakini mengine nayajua, na picha ninaziona. Springi lazima ididimie mkipanda, ila robo tu ya nafasi yake. Sihaba, lete rula na mkaa!"

Mwalimu aliishikilia baiskeli. Baba akakalia tandiko, mama akakaa kwenye keria. Sihaba akapiga alama kwa mkaa, akapima. Springi ilikuwa imezama yote. Wakashuka, baba akaikaza pete mizunguko mitatu. Wakapanda. Bado ilizama nusu. Uchungu ukamshika mama, akamng'ang'ania mumewe begani.

"Fanyeni upesi," alisema akiuma meno. "Huyu hasubiri rula."

Wakakaza tena. Sihaba alipima mara mbili kabla ya kufungua kinywa. "Robo," alisema. "Robo kamili, baba."

Baiskeli ikaondoka. Sihaba na mwalimu wakaifuata kwa miguu na furushi la kanga. Kwenye korongo lile springi ilizama, ikainuka, na chuma hakikugonga. Kisha baiskeli ikapotelea mikoroshoni, na Sihaba alilia njia nzima.

Walipofika Kibiti, magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Mzee Mshamu alikuwa amechuchumaa nje ya wodi, matope mpaka magotini.

"Mama yako mzima," alisema. "Una mdogo wako wa kiume. Alizaliwa hapumui. Muuguzi amehangaika naye mpaka akalia. Anasema angezaliwa njiani, tungemzika."

Sihaba alipiga magoti. "Baba, nisamehe. Sitakusomea tena."

"Utanisomea," alisema Mzee Mshamu. "Nimekusamehe, lakini nisikilize. Kutojua si aibu. Mimi kitabu kile sijui hata herufi yake ya kwanza, na mwalimu wako kasema hajui mbele ya watu wazima, wala hakupungukiwa kitu. Wewe ulijua kwamba hujui, ukaniambia unajua, nami nikataka kumpakia mama yako juu ya neno lako. Anayekuamini, mwanangu, anakukabidhi roho yake. Siku hujui, mwambie hujui, aweze kutafuta njia nyingine."