Njoo Unywe, Animwaa

Siku yenyewe ilianza kwa maharage kuungua. Nalisema hili mapema ili usije ukatarajia bundi au paka mweusi. Pokuaa, mke wa mwanangu, alimwachia mumewe chungu jikoni akakimbia gengeni kununua pilipili. Mumewe, Yaw, akasema anarekebisha kitu kidogo kwenye kompyuta. Huyu mwanangu anatunga programu za simu, ndiyo kazi yake, na kitu chake kidogo hula nusu siku. Pokuaa aliporudi moshi ulikuwa umejaa nyumba nzima. Yaw amekaa katikati ya moshi anagonga vitufe, anakohoa, wala hajiulizi anakohoa nini.

"We Yaw, nyumba ikiungua utajua?"

"Nitajua umeme ukikatika," akajibu.

Ndivyo alivyo. Hapa hapa Kumasi amewahi kutumbukia mtaroni akitembea huku anasoma simu, akatoka na simu kavu na suruali isiyokaribika. Amewahi kumwaga uji kwenye kompyuta, akaifukia ndani ya gunia la mchele ikauke. Wiki hiyo Pokuaa akatafuna kitufe mezani. Starehe yake ni konokono. Anawafuga uani ndani ya matairi, na kila mmoja ana jina la kocha wa mpira. Nilimzaa mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Mwaka ule alikuwa anatunga programu ya tambiko. Watu wetu wako Hamburg, wako Toronto, wanaoa na kuzika huko, na hawana mzee wa kuwamiminia wahenga kinywaji. Yaw akamrekodi Mzee Boadu, msemaji wa chifu wetu, mwenye sauti inayotikisa mabati. Akaikatakata sauti hiyo vipande vipande, ili simu iweze kuunganisha jina lolote. Unaandika jina la marehemu wako, unashika chupa yako ya pombe kali, na simu inaita kwa sauti ya mzee: Fulani, kinywaji hiki hapa. Njoo unywe.

Kwetu kinywaji kikimwagwa chini huitwa waliokufa tu. Aliye hai hatajwi kwenye wito ule, hata kwa mzaha, hata kwa ulevi. Yaw analijua hilo kama anavyojua jina langu.

Mchana ule, maharage yameshatupwa, nilikuwa barazani nachambua karanga. Ilikuwa hamatani, upepo wa vumbi, midomo inapasuka na nguo zinakauka ukiwa bado unazikamua. Mjukuu wangu Animwaa, mtoto wa Yaw, alikuwa miguuni pangu anaiba karanga akidhani sioni. Sauti ya Mzee Boadu ikatoka chumbani kwa Yaw.

"Animwaa Dufie, kinywaji hiki hapa. Njoo unywe."

"Naam!" mtoto akaitika.

Akainuka akakimbia. Hakukimbilia chumbani kwa baba yake. Alikimbilia getini.

Mimi nikaingia ndani na ungo mkononi. "Yaw. Umemwita nani?"

"Najaribu tu, Mama. Lazima niweke jina lolote nisikie kama linatoka vizuri."

"Jina lolote! Makaburi yote yale yamejaa majina, wewe ukaona la mwanao?"

"Vidole viliandika vyenyewe. Ndilo ninaloandika kila siku kwenye majaribio yangu. Nalitoa sasa hivi, tazama, nimelitoa."

Nilitoka nje. Kwenye hamatani konokono hujifungia ndani ya gamba, wala humwoni mpaka mvua. Siku hiyo walikuwa wametoka. Wote, kwenye jua kali, wamevuka kingo za matairi wanatambaa kuelekea getini. Na pale getini alisimama Animwaa, mkono mmoja juu, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu.

Nikamvuta. Mdomo wake ulinuka pombe.

"Nani kakupa?"

"Wale mabibi," akaninong'oneza.

Barabara ilikuwa tupu.

Basi mtoto akaanza kutuponyoka. Chakula hataki. Maji hataki, anasema ameshakunywa. Hospitali wakamtoboa, wakampima, wakasema hana kitu, mpeni matunda. Tulikuwa tukikaa naye, anachezea vifuniko vya chupa, ghafla anainua kichwa: "Naam!" Anaoga: "Naam!" Amelala mchana mapajani kwa mama yake, macho yamefumba, midomo inasogea: "Naam. Nakuja." Kila anapoitika, harufu ile. Kila anapoitika, anapungua. Ukimbeba ni kama umebeba nguo zake.

Pokuaa akamkamata mumewe shati. "Si ulisema umelitoa?"

"Nimelitoa! Naapa nimelitoa!" Akageuka akaitazama kompyuta yake. Akakaa.

Alikuwa amelitoa kwenye kompyuta. Lakini asubuhi ile ile, kabla ya maharage, alikuwa ameshaituma programu kwa watu, na jina lile limo ndani yake kama mfano. Kila anayeifungua kwa mara ya kwanza, simu inamwonyesha jinsi ya kuita. Inamwita Animwaa Dufie.

"Watu wangapi wanayo?" nikauliza.

"Mama, usiniulize."

Akatuma toleo jipya lisilo na jina. Watu hawalichukui, nani anahangaika na toleo jipya wakati la zamani linafanya kazi? Akawaandikia. Akawapigia, mmoja mmoja, kama ombaomba wa mlangoni. Wengine walidhani tapeli. Dereva mmoja wa teksi kule Hamburg alipokea akicheka.

"Kaka, hongera! Sauti ya mzee inanikumbusha nyumbani. Nimeifanya mlio wa simu yangu."

"Ifute," Yaw akasema. "Nakuomba. Ni mwanangu. Ifute."

"Haya, haya. Ngoja, kuna abiria ananipigia."

Kabla hajakata, tukasikia simu yake nyingine ikilia. Sauti ya Mzee Boadu, mbali, ndani ya gari la watu.

Chumba cha pili mtoto akaitika.

Baada ya hapo dereva yule hakupokea tena. Pengine alimchoka Yaw. Tukamleta Mzee Boadu mwenyewe. Alimimina kinywaji uani, akaomba radhi kwa lugha ya kale, akatega sikio. Kisha akaja karibu nami na kunong'ona.

"Nimewaambia si mimi niliyemwita. Wanasema sauti ni yangu."

"Waambie mtoto yu hai!"

"Wanasema aliye hai haitiki."

Akaondoka. Tangu siku hiyo mzee yule, mwenye sauti ya kutikisa mabati, hunong'ona tu.

Animwaa hakuweza tena kusimama. Pokuaa alikuwa amemfunga kwa kanga kifuani pake kama kichanga, hamwachii mtu, hata mimi. Yaw aliivunja kompyuta kwa mchi wa kutwangia fufu, ugali wetu wa muhogo. Haikusaidia kitu, ila nadhani mkono ulihitaji kazi. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu.

"Mama. Kule siwezi kulifuta. Nilifute huku?"

"Unasema nini?"

"Jina. Wanamwita Animwaa. Pasiwepo Animwaa."

Nilimtazama mjinga wangu huyu. Wenye watoto wanaokufa na kurudi tumboni hufanya hivyo tangu zamani. Mtoto hutupwa jalalani, mpita njia akamwokota, akapewa jina baya ambalo kifo hakitaki hata kuligusa. Aliyeokotwa si yule aliyetupwa. Sikujua kama litafaa kwa mtoto aliyeshaitika. Nani angejua? Hatukuwa na lingine.

Tukaenda jalala la nyuma ya soko, jua la utosi. Nikamlaza juu ya maganda ya muhogo. Mama yake aliuma kitambaa asilie, maana ukilia umesema ni wako. Muuza mkaa mmoja alikuwa anapita, mwanamke mnene, akaona, akaelewa papo hapo. Kwetu kuna mambo hayaelezwi.

"Nimeokota taka hapa!" akapiga kelele. "Nani anataka taka?"

"Ilete," nikasema. "Ina sura ya chura, lakini nitapata pa kuiweka."

"Chura afadhali. Hii hata mbwa kaikataa. Inaitwaje?"

"Itaitwaje tena? Sumina. Jalala."

"Chukua Sumina wako, bibi, uninusuru na uvundo."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi mama yule, huku akitutukana. Nikamfunga mtoto mgongoni. Hakuwa na uzito.

Tulirudi nyumbani. Tukafika barazani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ndani hapakuwa na mtu. Kompyuta ilikuwa vipande kwenye ndoo.

Ikaita.

"Animwaa Dufie, kinywaji hiki hapa. Njoo unywe."

Nilikaza kanga. Mtoto mgongoni alinyamaza. Nilimsikia akipumua.

Na ndani ya nyumba, kwenye nyumba ile tupu, sauti ya mtoto ikaitika.

"Naam!"

Ilikuwa sauti yake.

Nikamziba Pokuaa mdomo. Yaw alikuwa amefungua wake. Nikamtikisia kichwa. Ukiita, amerudi kuwa Animwaa. Usiite. Akajisokomeza ngumi mdomoni, akapiga magoti.

Miguu midogo ikaja. Pekupeku, mbio, sakafuni. Hatukuona mtu. Ikapita kwa Yaw, ikapunguza mwendo. Ikapita kwa mama yake. Ikafika kwangu.

Ikasimama.

Pindo la nguo yangu likavutwa. Mara moja, taratibu, kama alivyokuwa akinivuta akitaka karanga.

Sikutazama chini.

Likaachiwa. Miguu ikaenda. Geti letu likalia, likafunguka, likajifunga.

Jioni ile Sumina alikula. Akaomba maji, akayanywa, akaomba tena. Sasa ni msichana mzima, mlafi, hodari wa kuruka kamba. Ila haitiki. Umwite Sumina, umwite kwa upole, umwite kwa ukali, hageuki. Masikio yake ni mazima, madaktari wameyapima. Ukimtaka lazima umguse. Yaw humgusa bega kwa ncha ya kidole, kama anabisha hodi. Programu zimemshinda, anafuga konokono tu.

Na nyayo za miguu ile zipo. Kuanzia mlango wa ndani mpaka getini, ndogo, zimelowa, na hata hamatani ikivuma haziwezi kukauka. Zinanuka pombe. Pokuaa amezisugua kwa sabuni, akazisugua kwa mafuta ya taa. Yaw alipaka saruji mpya baraza zima. Asubuhi zilikuwa juu ya saruji, mbichi, zote zikielekea nje. Wageni hudhani ni za Sumina katoka kuoga.

Juzi Sumina alilalamika viatu vya shule vinambana, nikamnunulia vingine. Vile vya zamani sikuvitupa. Nilingoja wenzangu watoke, nikavichukua mpaka barazani, nikainama na mgongo wangu huu mbovu, nikalaza kimoja juu ya unyayo wa karibu na ngazi.

Vidole vya unyayo ule navyo vilizidi mbele ya kiatu.