Saa ya Kuondoka Haiandikwi

Njia ya kuingilia soko kuu la Butembo ilikuwa imeziba, na aliyeiziba alikuwa Gamaliel. Chukudu chake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kilichosheheni betri za sola, kilikuwa kimezamisha gurudumu la mbele katika tope jekundu. Nyuma yake pikipiki zilipiga honi kama zinasindikiza harusi.

"Papa, kama unahamisha nyumba, utuambie tulale hapa," sauti ya kike ilisema.

Gamaliel aligeuka, tayari kujibu kwa ukali. Ukali wote ukamwishia mdomoni. Msichana alivaa gauni la kitenge cha bluu chenye maua ya njano, mtandio mweupe kichwani, viatu mkononi, miguu mitupu ndani ya tope, na alisimama kama tope lile ni zulia lake.

"Hapana nyumba, mama. Hii ni chakula ya mashine yangu."

"Mashine inakula betri?"

"Kama courant ya umeme inakosa, njo inakula. Na isipokula, batu wa Beni mpaka Lubero hawauze kitu."

"Mimi ni mutu wa Beni. Sijasikia jina yako hata siku moja."

"Utalisikia."

Msichana alicheka, akaweka viatu vyake juu ya betri, akasukuma. Chukudu kikatoka.

Jina lake lilikuwa Rachida, binti wa mzee Ramazani, mwenye wakala mdogo wa usafiri mjini Beni. Rachida ndiye aliyekaa mezani kupokea abiria wa Butembo. Siku hiyo alikuwa amekuja kumtafuta mtu wa kuwatengenezea tovuti, abiria waweze kuomba nafasi kwa simu. Kumbe aliyeziba njia ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Katika chumba kilichokuwa juu ya duka la misumari na mabati, Gamaliel alikuwa na seva yake. Tovuti za wafanyabiashara wa Beni, Butembo, Lubero na Kayna zilining'inia kwenye seva hiyo kama watoto mgongoni mwa mama mmoja. Akitaka kuziongezea moduli, yaani kipande kidogo cha programu chenye kazi mpya, hakusafiri. Aliketi kwenye kiti chake, akabonyeza, na moduli ikashuka ndani ya tovuti zote kwa pamoja. Wenyewe waliamka wakaikuta. Wapo wanaume wanaojivunia ng'ombe. Gamaliel alijivunia kubonyeza huko.

"Donc, unaweza kuingia mu site yangu na mimi niko nalala?" Rachida alimwuliza kwenye simu, tovuti ilipokwisha.

"Naweza."

"Bila kupiga hodi?"

"Hodi ya nini? Ni mimi nilijenga ile nyumba."

"Mais mimi njo nalala ndani, Gama."

Gamaliel alicheka kwa sauti ndefu, naye Rachida akacheka, na maneno yale yakapita kama mengine.

Asubuhi moja Rachida alifungua tovuti ya wakala, akakuta juu ya ukurasa mistari miwili ambayo jana haikuwepo:

*Baridi imenishika, mie niliye Butembo;*
*Jua limekwenda Beni, limefuata urembo.*

Alimpigia hapo hapo. "Gama, ni nani alikuruhusu?"

"Niifute?"

Gamaliel alisikia feni za mashine zake zikizunguka.

"Acha," Rachida alisema polepole. "Mais abiria wasione."

"Ni wewe tu unaona, mupenzi. Nilikuwekea moduli ya peke yako."

Tangu hapo hakuwaza tena kuomba ruhusa. Kwa nini aombe, wakati aliyeingiliwa alifurahi?

Jambo moja tu ndilo lililomkera. "Site yenu haina saa ya kuondoka, Rachi. Ni aibu."

"Saa hatuandikake. Kaka yangu, yaya Sikuli, anaamuka, anapigia batu wa Kalunguta, mu katikati ya njia, banamwambia njia imeamuka namna gani. Kiisha njo anawasha gari. Abiria tunamwambia: kuya asubuyi, tutakuita."

"Hiyo ni kazi ya zamani. Mutu anataka kujua."

"Mutu anataka kufika."

Gamaliel alilipenda jibu lile kwa jinsi lilivyosemwa. Hakulisikia kwa jinsi lilivyokuwa.

Kisha ikaja habari aliyoingojea. Mzee Ramazani alikuwa amesema kuhusu yule kijana Mkatoliki wa Butembo: "Akuye, nimuone." Mbuzi wangeletwa na wajomba, siku yao ikifika. Gamaliel alitaka kutangulia na zawadi ya mikono yake mwenyewe, ili mzee aone kwamba binti hapewi mtu wa hivi hivi. Akatengeneza moduli ya ratiba. Ilisoma kwenye jumbe za kuwaita abiria saa ambazo gari liliondoka wiki zilizopita, ikakisia saa ya kesho, ikaiandika mbele ya watu wote. Aliituma kwenye tovuti ya kina Rachida huku akipiga mluzi. Hakumpigia simu. Zawadi haipigiwi simu.

Kesho yake, gari la Sikuli, kaka yake Rachida, lilisimamishwa ng'ambo ya Kalunguta. Watu wenye silaha walikuwa wamekaa wakilingoja kama abiria waliolipa. Abiria wa kweli waliruka, wakapotelea kwenye mashamba ya mihogo. Gari lilichomwa. Sikuli alipigwa risasi mguuni, na hospitalini waganga waliukata chini ya goti.

Mke wa abiria mmoja alikuja kwenye wakala, miguu mitupu, kitambaa kimemtoka kichwani. "Munatangaza saa kama misa," alimwambia Rachida. "Batu wote basome, na baporaji basome." Rachida alifungua simu, akaiona saa. Ilikuwa ya kweli kabisa.

"Gama. Ni nani aliandika saa mu site?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Gari imechomwa. Yaya Sikuli iko hospitali."

"Nitakupigia," Gamaliel alisema, akakata. Na mikono yake ikafanya kile ambacho kiburi kiliizoesha: kutengeneza kabla watu hawajaona. Alibonyeza, moduli ikang'oka.

Dakika hiyo Rachida alikuwa amesimama mbele ya baba yake, simu mkononi. "Papa, angalia, hapana mimi niliandika hii." Ukurasa ulijichora upya mbele ya macho yao. Saa haikuwepo. Kitu kilichoingia bila hodi kilitoka bila kuaga.

Mzee aliitazama simu, kisha akamtazama binti yake.

"Nani iko na mot de passe, ile neno ya siri?"

"Ni mimi. Na Gama."

"Gama iko Butembo. Simu iko mu mukono yako."

Mzee alimnyang'anya funguo za ofisi. Joyeuse, binamu wa Rachida, akakalia kiti chake. Rachida alimpigia Gamaliel mpaka alipochoka. Gamaliel aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza na hakuigusa, kwa sababu hakuwa na neno hata moja ambalo lingemwacha akiwa mtu mkubwa.

Alipopata moyo, wiki kadhaa baadaye, alipiga simu ya wakala. Joyeuse alipokea.

"Rachida? Hakaake tena hapa. Banasema njo yeye alitoa saa, kiisha akaifuta."

Gamaliel alivaa shati jeupe alilolinunua kwa ajili ya posa, akapanda gari la kwanza. Walipita Kalunguta. Kando ya barabara palikuwa na chuma cheusi cha gari lililoungua.

Mzee Ramazani alimpokea uani baada ya sala ya alasiri. Sikuli alikaa kwenye kiti, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Rachida alisimama mlangoni katika gauni jeusi lisilo na ua.

"Papa, mimi njo niliandika ile saa," Gamaliel alisema. "Na mimi njo niliifuta. Rachida hakugusa kitu."

"Ulikuwa wapi?"

"Butembo. Kwa kiti yangu."

"Kwa kiti." Mzee alilitafuna neno hilo. "Mutoto yangu amepoteza mguu. Wewe hata kusimama haukusimama."

"Papa," Sikuli alisema, "pengine bangekuya tu. Ile njia inachomaka magari tangu zamani."

"Pengine," mzee alijibu. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha binti yake. Hakusema nisamehe. Alizirudisha tu, na mkono wake ukakawia kidogo juu ya mkono wa binti.

Ofisini, Gamaliel na Rachida walikaa pande mbili za meza.

"Nisamehe, Rachi."

"Nimekusamehe. Ulipofungua mudomo mbele ya papa, nilikusamehe."

Matumaini yalimpanda Gamaliel usoni. "Basi, mupenzi..."

"Ngoja nimalize. Kama ingekuwa ni wewe kabisa, ningekuchukia, ikaisha. Kama ingekuwa hapana wewe, ningeolewa na wewe. Mais sijue kama ni ile saa ilibaleta. Kila asubuyi yaya atapita hapa na fimbo, na mimi nitajiuliza. Hakuna mutu atakuya kunijulisha." Alisogeza kiti. "Tosha site yetu, itoke mu server yako."

Gamaliel alifungua kompyuta. Mashine iliuliza kama ana hakika. Alipoinua kidole, Rachida aliusukuma mkono wake pembeni.

"Hii, mimi njo nafinya."

Akabonyeza. Mistari miwili ya shairi ilikwenda pamoja na vingine vyote. Hakumwambia kwamba hata asubuhi ile alikuwa ameisoma.

Gamaliel alisimama. Alifika mlangoni, akakumbuka kwamba hana njia ya kurudi kwao ila gari jingine la wakala.

"Gari ya Butembo inaondoka saa ngapi kesho?"

Rachida alivuta karatasi, akachukua kalamu.

"Kuya asubuyi. Tutakuita."

"Ni wewe utaniita?"

Macho ya Rachida yalibaki kwenye karatasi.

"Jina ya abiria?" aliuliza.