Kengele Nyuma ya Pikapu

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha mbele na mkoba wangu mapajani.

Ilikuwa Jumamosi tulivu. Nguo zilikuwa kambani, majirani wanafagia, na shemeji yangu, mume wa huyo mdogo wangu, alikuwa kama Jumamosi zote: kichwa ndani ya boneti ya pikapu yake, matako juu. Mtaani walimwita Injinia. Yeye alidhani wanamsifu.

Niseme ukweli, simpendi na sijawahi kumpenda. Ni mtu wa kutazama video moja kwenye simu usiku, asubuhi akaamka bingwa. Fundi umeme wa magari alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao, lakini kwenda kwake, alisema, ni kujidhalilisha. Ndiyo maana pikapu ile, iliyotoka kiwandani na akili zake timamu, ilifika mahali ukiwasha indiketa, waipa zinafuta kioo kikavu. Ukipiga honi, redio inazima. Chini ya tumbo alibandika taa za bluu, sijui ili mende waone njia. Mlango wa nyuma wa bodi aliung'oa komeo la chuma, akaweka la umeme alilolibuni mwenyewe. Fyuzi hakutumia. Fyuzi, alisema, ni za watu waoga.

Wiki hiyo alikuwa amefunga kengele. Vibarua wanaopanda nyuma walikuwa wakitaka kushuka wanagonga paa kwa ngumi, paa likabonyea, roho ikamuuma. Akaweka kitufe kwenye bodi, mgongoni mwa kebini, na kengele yenyewe chini ya dashibodi. Mlio mmoja, simama. Miwili, twende. Hapo sina neno. Neno langu ni kuhusu kile kitufe.

Alikitoa kitandani kwa mama yake.

Yule mama alipooza upande mmoja, akalala chumba cha uani karibu mwaka mzima. Mwanawe akamfungia kengele ya kuitia watu, akajisifu mtaa mzima. Alichokuwa hasemi ni kwamba mpira ukianza kwenye televisheni, anachomoa waya mmoja ili asisumbuliwe. Mdogo wangu aliligundua hilo siku aliyorudi kutoka kazini akamkuta mama mkwe wake amefariki, kidole gumba bado kimekandamiza kitufe, na sebuleni mumewe anatafuna karanga. "Mbona hakuita?" ndilo neno alilosema. Godoro la marehemu lilikuwa bado juani linakauka, yeye kashakifungua kitufe kwa bisibisi. Alisema bado ni kizima, kwa nini kipotee.

Basi Jumamosi hiyo tulikuwa tunapeleka kabati la marehemu kwa dada yake Injinia. Mimi nashona mapazia, nikaomba lifti nikapime madirisha ya huyo dada. Kamba hakuwa nayo. Akalifunga kabati kwa mabaki ya waya, akamwambia mkewe apande nyuma alishikilie.

"Si upande wewe, mimi niendeshe?" mdogo wangu alisema. Anaendesha vizuri kuliko yeye.

"Gari hili lina mambo yake," akajibu. "Hutaliweza."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuna mwenye akili angeliweza.

Kabati likaegemea kebini, likaziba kioo chote cha nyuma. Mdogo wangu akabaki upande wa pili, katikati ya kabati na ule mlango wa umeme. Simwoni, hanioni.

Tulipoanza kupanda mlima, kengele ikalia. Mara moja.

Injinia akasimama. Nikatoa kichwa dirishani.

"Unataka nini?"

"Mimi?" mdogo wangu alisema. "Sijabonyeza kitu. Hicho kitufe hata sikifikii, kabati limekiziba."

"Kabati ndilo linalokibonyeza," Injinia akasema kwa sauti ya mwalimu, akaondoa gari.

Haikuchukua muda ikalia tena. Ndefu zaidi. Akasimama huku anatukana chini kwa chini. Nikatoa kichwa tena; safari hii mdogo wangu aliongea kwa sauti ya chini.

"Dada. Naomba nije huko mbele."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu anahema huku."

"Na kabati litashikwa na nani?" mumewe akauliza. Kati ya yote aliyoyasikia, hilo ndilo lililomgusa. Nikashika mpini wa mlango ili nishuke. Akaondoa gari kabla sijaufungua.

Ikalia mara ya tatu. Haikunyamaza. Injinia akaingiza mkono chini ya dashibodi, akashika fungu zima la nyaya, za kila rangi, zimezungushiwa tepu moja, akalinyofoa.

Kimya.

Huko nyuma kitu kikafanya tak.

"Umeona?" akaniambia, akinipungia fungu lake. "Dawa ya shoti ndiyo hii."

"Nini kimelia nyuma?"

"Hakuna kitu."

Nyaya zilikuwa bado mkononi mwake, ncha zinaning'inia hewani. Kengele ikalia.

Haikulia kama mwanzo. Ililia kidogo. Ikanyamaza. Ikalia kidogo. Kama kidole kisicho na nguvu. Nikamtazama Injinia. Midomo ilikuwa imemkauka. Mlio ule alikuwa anaujua.

"Simama," nikasema.

Akawasha redio, ambayo nyaya zake hazikuwa kwenye lile fungu, akaifungulia sauti.

"Shemeji. Simama."

"Ni shoti," akanong'ona. "Shoti tu. Shoti." Akakanyaga mafuta.

Nikavuta breki ya mkono kwa mikono yangu yote miwili. Gari likayumba. Likasimama. Kengele ikanyamaza hapo hapo.

Nikakimbilia nyuma. Mlango wa bodi ulikuwa wazi, unaning'inia. Aliponyofoa nyaya zake ndipo na komeo lake la umeme lilipoachia. Waya wa kufungia kabati ulikuwa umekatika. Kabati limeteleza mpaka ukingoni, limemsukuma mdogo wangu nje. Nje kabisa. Alikuwa ananing'inia nyuma ya bodi, miguu inagusa lami, kiatu kimoja hakipo, magoti yanatoka damu.

Hakuwa ameanguka.

Shuka jeupe lilikuwa limemzunguka kiunoni, limefungwa fundo kwenye chuma cha bodi. Lilikuwa na unyevu. Nikamfungua, nikamkalisha kando ya barabara, nikamshika uso.

"Ulijifunga saa ngapi?"

"Sijajifunga. Nilihisi mkono. Nikafumba macho."

Injinia naye alishuka. Nilimwona amepiga magoti, nikadhani anamwendea mkewe. Alikuwa anachungulia chini ya gari, anatafuta mahali nyaya zilipogusana.

Mdogo wangu hakupanda tena lile gari. Tulitembea kwa miguu mpaka kwangu, yeye na kiatu kimoja, na mpaka leo hajarudi kwa yule mwanamume. Mumewe huja, husimama mlangoni kwangu, hueleza habari za nyaya za chanya na hasi. Mkewe alivyonusurika hajawahi kuuliza. Tunamwacha aongee mpaka achoke.

Shuka ninalo. Nimelifua mpaka vidole vimenichubuka, na kila nikilisuuza maji yanatoka na udongo mwekundu. Jana alipokuja na mashairi yake yale yale nilichoka. Nikalitoa nikamwekea mikononi, nikamwonyesha pindo. Pindo lile nililishona mimi, kwa uzi wa kijani, kwa sababu mweupe uliniishia siku ile na hapakuwa na muda. Akautazama uzi. Akakaa chini mlangoni, hakusema shoti. Shuka lile alimfunika nalo mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na jeneza tukalifunga yeye akiona.