Abiria Mia Mbili na Themanini wa Mizokoshi

Fomu zilinuka udi. Chigusa alifungua kabati la ofisi ya mipango saa nne asubuhi, harufu ya mazishi ikampiga usoni. Akagusa muhuri uliogongwa wiki tatu nyuma. Wino mwekundu ukamtia doa kidoleni, mbichi kabisa.

Reli mbili zinakatana katikati ya mashamba ya mpunga ya Mizokoshi na hakuna treni inayosimama. Wizara ilikubali kutoa nusu ya gharama za stesheni ya kubadilishia treni, kwa sharti moja: wakazi mia nane waahidi, kila mmoja kwa muhuri wa jina lake, kwamba wataitumia kila siku. Halmashauri nayo ikatafuta nusu yake mahali pasipo na mtetezi. Ikafuta basi la zahanati. Februari ile Bibi Sono, aliyemlea Chigusa, alikaa kituoni kwenye theluji akisubiri basi ambalo hakuna aliyemwambia kwamba halipo tena. Alikutwa vilevile, mkoba mapajani.

Na hao wa kuahidi? Walipatikana mia tano na ishirini, na hapo mji ulikuwa umekwisha. Watumishi wa halmashauri hawakuruhusiwa kujaza.

"Nenda hekaluni ukanakili daftari la marehemu," Kuramochi, mkuu wake, alikuwa amemwambia. "Mihuri si inauzwa dukani kama vifungo? Muhuri mmoja wa jina la Orihara unatosha ukoo wenu mzima."

Naye akagonga. Asitafutiwe udhuru: mkono ulikuwa wake. Aligonga mia mbili na themanini, Bibi Sono akiwamo, kwa kuwa mkataba wake wa kazi ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja.

"Mkuu, wino haujakauka," alinong'ona sasa. "Halafu kuna harufu."

"Umeanza kuona majini, binti?" Kuramochi akacheka. "Yakija, yapange foleni. Tunahitaji vichwa."

Yakaja.

Siku ya ukaguzi, jua la saa sita utosini, wazima wote walikusanywa shambani, palipowekwa kamba kuonyesha jukwaa litakapokuwa. Watumishi walivaa makoti mafupi ya buluu ya kampeni, upande wa kushoto juu ya wa kulia, kama wavaavyo walio hai. Kwanza zilisikika ndara za majani zikikwaruza kokoto, nyingi, bila miguu. Kisha udi ukafunika harufu ya mpunga. Kisha wakatokea mmoja mmoja kutoka upande wa makaburi, wakajipanga nyuma ya wazima kimya kimya, na Chigusa, aliyekuwa akijiambia ni joto tu, ni njaa tu, akaona kwamba kila kanzu nyeupe katika foleni ile imefungwa kinyume, kulia juu ya kushoto, kama anavyovikwa maiti, na kwamba wa mwisho ana mkoba.

"Chigusa wangu," Bibi Sono akauliza kwa upole, "basi la zahanati ndilo hili?"

Chigusa akakimbilia meza ya mkaguzi.

"Bwana mkaguzi, hawa wamekufa! Mimi ndiye niliyewagongea mihuri!"

Mkaguzi hakuinua macho kutoka kwenye kihesabio chake. "Nawaona. Hata mradi uliopita walikuwapo."

"Na ukapitisha?"

"Sharti linasema wakazi mia nane, dada. Halisemi wanaopumua. Tena hawa hawalalamiki."

Kuramochi akaangua kicheko. Chigusa akaichomoa fomu ya Bibi Sono kutoka kwenye rundo, akaichana vipande. Kule nyuma bibi akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mahali aliposimama pakabaki majani tu.

"Mia saba tisini na tisa," mkaguzi akasema. "Amepungua mmoja. Siwezi kutia saini."

Kicheko kikakatika. Kuramochi akamtazama Chigusa. Kisha akatoa mfukoni muhuri wa Orihara, uleule uliowagongea marehemu, akaupulizia pumzi mara mbili, akavuta fomu tupu na kuandika jina la Chigusa.

"Mkuu, usi—"

Tap.

Baridi ya theluji ikampanda Chigusa kutoka miguuni. Akatazama koti lake. Upande wa kulia ulikuwa juu. Akaurudisha chini. Ukapanda tena, wenyewe.

"Mia nane," mkaguzi akasema, akatia saini.

Kule mwisho wa foleni, mtu akasogea kidogo kumwachia nafasi.